Kupotezana na rafiki wa mtandaoni na kupotezana na rafiki wa ana kwa ana: kwa nini maumivu yake hayafanani?

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimeleta uzi huu kwa sababu jambo hili huzungumzwa juu juu, na mara nyingi huzungumzwa na watu waliokwisha kuamua kwamba rafiki uliyemfahamu kupitia skrini si rafiki, kwa hiyo akipotea hakuna kilichopotea. Msimamo wangu ni tofauti, nami nitautetea kwa urefu. Urafiki wa mtandaoni unaweza kuwa na kina kilekile cha urafiki wa ana kwa ana, ila umeshikiliwa na kamba moja, wakati ule mwingine umeshikiliwa na kamba nyingi ambazo hata wenyewe hatuzioni. Kamba hiyo moja ikikatika, hakuna pa kushika tena.

Nianze na urafiki wa ana kwa ana, maana huo ndio tuliozaliwa tukaukuta. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu wakazi wa nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Walikuta kwamba watu walifanya urafiki zaidi na jirani wa mlango wa pili kuliko na yule wa milango mitatu au minne mbele, ingawa umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache tu, na wakazi wa chini waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao. Ukaribu wa makazi uliwakutanisha watu hao bila wao kupanga. Rafiki wa ana kwa ana hupatikana hivyo na hupotea hivyohivyo: mmoja anahama, anabadilisha kazi, anaoa au kuolewa, anapata watoto, na pale mlipokuwa mkikutana bila miadi hapapo tena. Mholanzi Gerald Mollenhorst, katika utafiti aliouwasilisha mwaka 2009, aliwahoji watu kisha akawarudia baada ya miaka saba, akakuta kwamba karibu nusu ya watu waliokuwa wa karibu nao walikuwa wamebadilika, japokuwa idadi yao haikupungua sana. Kwa hiyo kupotezana ni jambo la kawaida, wala si dalili ya moyo mbaya.

Hata hivyo, angalieni jinsi upotevu huo unavyokwenda. Huja polepole, kwa hatua ambazo mtu anaweza kuzitaja baadaye: simu za kila wiki zinakuwa za sikukuu, za sikukuu zinakuwa salamu za mwaka mpya, mwishowe mnabaki kuulizana kupitia watu wengine. Hao watu wengine ndio hoja yangu. Nilikaa dawati moja na rafiki yangu mmoja miaka yote ya sekondari, kisha maisha yakatutenganisha, namba yake ikabadilika na yangu pia. Hatujaandikiana kwa muda mrefu sana. Lakini ninajua kwamba yu hai, ninajua kwamba ana mtoto wa kike, ninajua kwamba aliugua mgongo akapona, kwa sababu binamu yake alifanya kazi na mtu ninayemfahamu, na mama yake husalimiana na shangazi yangu hadi leo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa kazi ya kunipasha habari. Habari hunifikia tu. Nikitaka kumpata kesho, nitamuuliza mtu mmoja, naye atamuuliza mwingine, na kabla ya jioni nitakuwa na namba yake.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali ndio hasa wanaopitisha habari kutoka kundi moja hadi jingine, kwa kuwa marafiki wa karibu mara nyingi wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Urafiki wa ana kwa ana umezungukwa na watu wa namna hiyo pande zote. Urafiki wa mtandaoni kwa kawaida hauna hata mmoja.

Nilikuwa na mwenzangu wa kucheza naye sataranji mtandaoni. Tulicheza ile michezo ya polepole, ambayo kila mtu hupewa siku kadhaa za kufikiri kabla ya kusogeza kete, na pembeni mwa ubao kulikuwa na kisanduku cha kuandikiana. Katika kisanduku kile nilipata habari za baba yake aliyekuwa akipoteza kumbukumbu, naye alipata habari za kazi niliyokuwa nikitaka kuiacha, jambo ambalo wakati ule sikuwa nimemwambia mtu yeyote niliyekuwa nikionana naye. Kisha zamu yake ikafika na hakusogeza. Saa yake iliendelea kurudi nyuma hadi ikafika sifuri, mfumo ukaniletea taarifa kwamba nimeshinda kwa sababu muda wa mpinzani umekwisha, na alama zangu zikapanda. Mchezo wenyewe nilikuwa ninaelekea kuupoteza. Farasi wake alikuwa amekaa mahali pabaya mno kwa mfalme wangu. Nilimwandikia, nikasubiri, nikamwandikia tena. Nilimjua kwa jina alilojichagulia na kwa nchi aliyoiandika kwenye wasifu wake. Jina la ukoo sikuwa nalo, wala la mtaa, wala la mtu yeyote anayemfahamu. Hapakuwa na wa kumuuliza, na hadi leo hapana.

Tofauti iko hapo. Kwa rafiki wa dawati ninahuzunika kwamba tumekuwa mbali. Kwa huyu wa sataranji sijui hata ni huzuni ya namna gani inayofaa, kwa sababu sijui kama amefariki, anauguza, amechoka na mchezo, au amechoka nami. Mtaalamu wa familia Pauline Boss alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam, akaeleza kwamba upotevu usio na uhakika, ambao haukuruhusu kuomboleza wala kuendelea kungoja kwa amani, ni mgumu kuubeba kwa sababu hauna mwisho. Sithubutu kuulinganisha uzito wa msiba wa mke wa rubani na wa mcheza sataranji. Ninasema tu kwamba umbo la upotevu ni hilohilo: swali lililobaki wazi, wala hakuna wa kulijibu.

Wakati mwingine hata si mtu aliyepotea, ni mahali. Google ilitangaza mwishoni mwa Juni 2014 kwamba itaufunga mtandao wa Orkut, ikaufunga tarehe 30 Septemba mwaka huohuo; aliyekuwa amelazwa hospitali au hakuwa na intaneti kwa miezi hiyo mitatu alirudi akakuta hakuna mlango wa kubisha. GeoCities ya Yahoo, ambako watu walijitengenezea kurasa zao binafsi, ilikuwa imefungwa Oktoba 2009. AIM, huduma ya kuandikiana ujumbe, ilifungwa Desemba 2017, Yahoo Messenger Julai 2018, Google+ Aprili 2019, BBM (huduma ya ujumbe ya BlackBerry) ya watumiaji wa kawaida mwishoni mwa Mei 2019, na Skype Mei 2025. Kila mara palikuwa na watu waliofahamiana humo kwa majina ya kubuni peke yake, ambao siku ya pili walikuwa wote wazima, wote wana simu mkononi, na hawana namna yoyote ya kupatana. Kwa urafiki wa ana kwa ana, hata shule ikibomolewa, waliosoma humo bado wanajuana majina na makwao.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Rafiki wa ana kwa ana akipotea, maneno yake hupotea pia. Nikijaribu leo kukumbuka tulichozungumza na yule wa dawati kwa miaka yote ile, ninapata vipande vichache na kicheko chake. Kwa rafiki wa mtandaoni ni kinyume kabisa: mtu hayupo, lakini kila alichoniandikia kipo, herufi kwa herufi, pamoja na saa na dakika. Ninaweza kusoma jinsi alivyonitia moyo usiku fulani. Wengine hufarijika na hilo. Kwangu mimi ni kama jeraha linaloguswa upya, kwa sababu maneno yanazungumza kana kwamba mwenyewe yuko chumba cha pili.

Kwa wanaosema kwamba urafiki wa namna hii hauna uzito, ninaomba wamfikirie Mats Steen wa Norway. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli, na akafariki mwezi Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba alikuwa ameishi maisha ya upweke, akicheza mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft kwa maelfu ya saa. Alikuwa ameacha nenosiri la blogu yake, baba yake Robert akaandika humo kwamba kijana amefariki, na ghafla barua pepe zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, za watu waliomjua kwa jina la Ibelin, wakieleza jinsi alivyowasikiliza, alivyowashauri na alivyowasaidia kupatana na watu wa familia zao. Baadhi yao walisafiri kuhudhuria mazishi. Ninachowaomba mkitazame kwa karibu ni lile nenosiri. Bila hilo, marafiki zake wangeona tu kwamba Ibelin haingii tena mchezoni, nao wazazi wasingejua kamwe kwamba mtoto wao alikuwa na watu.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Robin Dunbar, mtaalamu anayejulikana kwa hoja yake ya mwaka 1992 kwamba ubongo wa binadamu humudu uhusiano wa kudumu na watu wapatao 150, alichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa watumiaji wa mitandao ya kijamii nchini Uingereza. Walipoulizwa ni wangapi kati ya marafiki wao wa mtandaoni wangeweza kuwategemea wakati wa shida, wastani ulikuwa kama wanne tu. Mtandao haukuongeza idadi ya watu wa ndani. Kwa hiyo sidai kwamba kila jina lililo kwenye orodha ni rafiki. Ninazungumzia wale wachache ambao wangehesabiwa miongoni mwa hao wanne, halafu wanatoweka.

Naomba michango yenu. Ninyi mmeuonaje upotevu huu, wa aina zote mbili?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini naomba nipingane nawe katika jambo moja la msingi. Umesema rafiki wa ana kwa ana haumizi sana kwa sababu unaweza kumpata ukimtafuta. Mimi nasema huko kupatikana ndiko kunakoumiza. Nina rafiki wa utotoni ambaye tunaonana mara kwa mara katika shughuli za kifamilia. Tunakumbatiana, tunaulizana hali ya watoto, kisha kila mmoja anatazama pembeni akitafuta mtu mwingine wa kuzungumza naye. Hatukugombana. Mambo ya kusemezana yameisha tu, na kila tukikutana yanaisha upya mbele ya macho yangu.

Rafiki wa mtandaoni aliyenyamaza bado ninaweza kumdhania mema: pengine simu iliharibika, pengine alisahau nenosiri. Huyu wa kwangu sina cha kumsingizia.

Mleta uzi

Ahsante sana, mkuu. Mchango wako umenisaidia kutenganisha mambo mawili ambayo niliyaacha yamechanganyika. Wewe umepoteza urafiki huku mawasiliano yakiwapo. Mimi nilikuwa nikieleza kupoteza mawasiliano huku urafiki ukiwapo. Sidhani kwamba inafaa tuyapime kwa mizani moja. Ila nadhani ni kweli kwamba la kwanza huwapata zaidi marafiki wa ana kwa ana, na la pili huwapata zaidi wa mtandaoni. Mtandaoni, mazungumzo yakikauka, watu huacha kuandikiana na yanaishia hapo, hakuna anayewalazimisha kukaa meza moja.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama niliyeugua kwa muda mrefu, na ugonjwa ulinitoa kazini na kuniweka ndani. Naomba mnisikilize kwa upande wangu, maana kwangu kamba zimegeuka.

Nilikuwa na marafiki wengi ofisini, watu wa kula pamoja mchana na kusindikizana jioni. Nilipoacha kazi walikuja kuniona, kwa upendo kabisa, kisha ziara zikapungua, na katika muda usiozidi miezi michache nikabaki na wawili. Siwalaumu. Nilikuja kutambua kwamba urafiki ule ulikuwa umeshikiliwa na ofisi, na ofisi ilipoondoka, hakuna kilichobaki cha kuushika. Kundi langu la mtandaoni, la watu wenye ugonjwa kama wangu, halijawahi kunitaka niwe mahali fulani. Nikiandika saa nane usiku kwa sababu maumivu yamenizuia kulala, kuna anayejibu. Kwa hiyo mimi nina urafiki wa ana kwa ana uliokuwa na kamba moja bila mimi kujua, na urafiki wa mtandaoni wenye watu thelathini wanaojuana wao kwa wao. Mwenzetu mmoja alipofariki, dada yake alituandikia, kwa sababu wawili kati yetu walikuwa na namba yake.

Nakubaliana nawe kuhusu kamba, mwanangu. Ninachokataa ni kuzigawa kwa skrini na uso.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na pole sana kwa maradhi. Uliyoyaandika yanapaswa kusomwa na kila anayepita hapa. Nimeipokea hoja yako na nitaiongezea jambo moja, kwamba kundi lenu limedumu kwa sababu lina mahusiano ya kukatizana: kila mmoja anawajua wengine, wala hamkupangwa kama miale inayotoka kwa mtu mmoja. Mtafiti Sam Roberts na yule Dunbar niliyemtaja hapo juu waliwafuatilia wanafunzi kwa miezi 18 walipokuwa wakimaliza shule na kwenda chuo au kazini, wakakuta kwamba urafiki usiotunzwa ulififia upesi wakati uhusiano na ndugu wa damu ulibaki palepale. Nadhani moja ya sababu ni hiyohiyo uliyoieleza. Ndugu wa damu wamefungwa na watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo mawasiliano ya watu wawili yakilegea, wengine bado wanawashika. Kundi lenu limejijengea kitu kinachofanana na ukoo.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, hoja ya kamba nimeielewa, lakini hujatuambia tufanye nini. Kumwomba rafiki wa mtandaoni jina lake halisi au namba ya simu kunaweza kumtisha, na sote tunajua kwamba matapeli huanza hivyohivyo: "tuhamie mahali pengine tuzungumze vizuri." Mtu anaongezaje kamba ya pili bila kuonekana tapeli, au bila kutapeliwa yeye mwenyewe?

Mleta uzi

Swali lako ni zito na ninafurahi kwamba umeliuliza, kwa sababu tahadhari hiyo ni ya haki na sitaki mtu aiache kwa sababu ya uzi wangu.

Kwanza, kamba ya pili si lazima iwe jina halisi. Inatosha iwe njia ambayo haitegemei mahali mlipokutania. Kama mlifahamiana katika mchezo, anwani ya barua pepe ambayo haina jina lako la ukoo inatosha kabisa, kwa kuwa mchezo ukifungwa, barua pepe itabaki. Angalieni tu kwamba barua pepe nayo iwe inatumika: Google, kwa mfano, ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili.

Pili, tapeli hutambulika kwa mwendo wake zaidi ya ombi lake. Tapeli ana haraka, anataka mwiache njia ya zamani muende kwenye mpya ambako hakuna anayewaona, na safari hiyo huishia kwenye fedha. Rafiki huongeza njia bila kuifunga ile ya kwanza, hana haraka, na yuko tayari kutoa anwani yake yeye kwanza bila kudai ya kwako. Ningependekeza useme wazi sababu: kwamba umewahi kuona watu wakipotezana mtandao ulipofungwa, na hupendi likupate. Akikataa, mheshimu na mwendelee kama mlivyokuwa.

Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, mtambulishe kwa mtu mwingine. Urafiki wa watu wawili mtandaoni ni dhaifu hata ukiwa na njia tano za mawasiliano, kwa sababu mmoja akianguka, mwingine hana wa kumuuliza. Mkiwa watatu au wanne mnaojuana, tayari kuna wa kuulizwa. Hilo ndilo lililokuwa limekosekana kati yangu na mwenzangu wa sataranji, na ndilo mama yetu hapo juu analo.

Nne ni la kifo, na naomba tusilikwepe. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba una marafiki mtandaoni, ni kina nani na wanapatikana wapi. Google ina huduma tangu mwaka 2013 inayokuruhusu kuchagua watu wa kuarifiwa endapo akaunti yako itakaa kimya kwa miezi unayoipanga mwenyewe, na Facebook tangu mwaka 2015 humruhusu mtu kumteua atakayesimamia ukurasa wake akifariki. Ni huduma nzuri, lakini karatasi iliyoandikwa majina matatu na kuwekwa pamoja na nyaraka zako muhimu inafanya kazi hiyohiyo. Ninyi mnaobaki nyuma baada ya msiba, msikimbilie kufunga akaunti za marehemu kabla hamjaandika humo sentensi moja ya kuwajulisha watu.

Mchangiaji wa nne

Nitasema kwa kifupi. Si kila aliyenyamaza anataka kutafutwa. Mimi nilifunga akaunti zangu zote kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akinifuatilia kupitia marafiki zangu wa mtandaoni, akiwauliza maswali kwa upole, nao wakimjibu kwa nia njema. Niliwapenda marafiki wale, na sikuweza kuwaaga. Mnapotafuta watu, wakumbukeni walio kama mimi.

Mleta uzi

Nimekusoma, na nakushukuru kwa kulisema hili hadharani. Naomba wote walichukulie kuwa ni sharti la uzi mzima: kumwandikia mtu aliyenyamaza ni sawa, mara moja au mbili, kwenye njia ileile mliyozoea, ambayo yeye ana uhuru wa kuijibu au kutoijibu. Kuanza kuchambua picha zake ili kutambua mtaa, kuwauliza watu wasiomjua, au kubandika jina lake hadharani ukiomba atafutwe, huko ni kuvuka mpaka hata kama moyo wako ni safi. Kwa rafiki wa ana kwa ana kuuliza huwa salama kiasi, kwa sababu unayemuuliza anakujua na anaweza kuamua kunyamaza. Mtandaoni, anayejibu hamjui anayeuliza.

Mchangiaji wa tano

Mleta uzi, mimi shida yangu ni nyepesi kuliko za waliotangulia, ila inanisumbua. Rafiki yangu wa mtandaoni hakupotea. Akaunti yake ipo, ninamwona anaingia. Ni mimi na yeye tu tuliacha kuandikiana, miaka imepita, na sasa ninaona haya. Nikimwandikia leo si ataona kwamba nina shida na kitu?

Mleta uzi

Mwandikie. Haya unayoiona ni ya watu karibu wote, na imechunguzwa. Watafiti Lara Aknin na Gillian Sandstrom walichapisha mwaka 2024 mfululizo wa tafiti ambamo watu walipewa nafasi ya kumwandikia rafiki wa zamani waliyetamani kurudiana naye, wakiwa na anwani yake mkononi na muda wa kuandika, na bado walioutuma ujumbe hawakufika theluthi moja. Waliotangulia kufanya zoezi dogo la kuwaandikia marafiki wa sasa walituma kwa wingi zaidi, kwa hiyo unaweza kuanza na mtu uliyemzoea, halafu mkono ukishapata joto ukamgeukia huyu. Kwa upande wa anayepokea, Peggy Liu na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba watu hukadiria pungufu kiasi ambacho salamu zao zitathaminiwa, na kwamba mpokeaji hufurahi zaidi pale ujumbe unapokuja bila kutarajiwa.

Kuhusu hofu ya kuonekana una shida, dawa yake ni kutaja jambo mahususi linalowahusu ninyi wawili tu, kuacha maelezo marefu ya kwa nini ulinyamaza, na kutomwomba chochote katika ujumbe wa kwanza, hata kazi, hata ushauri. Usimtake ajibu upesi. Sijui mlikuwa mkizungumzia nini, kwa hiyo weka la kwenu mahali pa hili la kwangu: "Habari za siku nyingi. Leo nimesikia wimbo wa yule mwimbaji uliyenibishia kwamba hatadumu, nikakukumbuka. Natumaini wewe na wa nyumbani mko salama. Hakuna haraka ya kunijibu, nilitaka tu ujue." Ukishautuma, funga programu hiyo, endelea na kazi zako, na akijibu rudi hapa utuambie.